Blanketi la Mtoto Wako na Ile Pembe Uliyoikata

Chumba cha mbele, nyumba ileile,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Kiduchu,

Habari za huko uliko, mdogo wangu? Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na huyo bibi mdogo aliyekuja kuwakosesha usingizi. Maziwa yanatoka vizuri? Na mgongo je? Mara ya mwisho uliulalamikia kana kwamba wewe ndiye mwanamke wa kwanza duniani kuzaa. Sisi huku hatujambo. Goti langu linauma nikipanda ngazi, kwa hiyo sipandi ngazi. Mjomba ameng'olewa jino la mbele na siku hizi anazungumza kwa kuchagua maneno, jambo ambalo sote tumelifurahia.

Picha nimeipokea. Mtoto mzuri. Nilikuwa na wasiwasi asije akachukua masikio ya upande wa shemeji. Naona ameyachukua, lakini nywele zitakuja kufunika.

Mimi bado niko na matambara yangu, kama mnavyoyaita wewe na mumeo. Watu wananiletea nguo kuukuu, nami nazikata na kuwaunganishia blanketi la mtoto, kofia, viatu vya kitambaa, au kimto chenye jina na siku ya kuzaliwa. Asubuhi nikifungua dirisha, nikamwaga vipande mezani na kuanza kupanga kipi kikae karibu na kipi, sitamani kuwa mahali pengine popote. Wiki iliyopita yule mwalimu wa hapa jirani, ambaye tumbo limeshafika puani, aliniletea mashati matano ya mumewe. Nikayakata yote. Jioni mume akaja kuyaulizia, maana kumbe hakuambiwa, akakuta umebaki mkono mmoja na kola mbili. Alisimama mlangoni ameushika ule mkono, nami nilicheka mpaka nikajichoma sindano.

Sasa nije kwenye barua yako. Nimeisoma mara nne. Unaniomba nikuandikie jinsi mama alivyolishona lile blanketi, hatua kwa hatua, ili ubandike maneno yangu kwenye daftari la kumbukumbu za mtoto, chini ya kichwa cha habari "Kazi ya Mikono ya Bibi". Unasema hicho ndicho kitu pekee cha bibi yake atakachokuwa nacho. Unasema kila ukimfunika unapapasa vile vifundo vidogo vya upande wa nyuma, unavihisi vidole vya mama, na unalia.

Halafu chini kabisa, kama mtu anayetaja hali ya hewa, unasema pembe moja ilikuwa imeharibika. Mishono imekwenda ovyo, umeandika, kama mdudu aliyekanyagwa, tena ina madoa ya kutu. Ukaona haya wageni wasije wakaiona siku ya kumtazama mtoto, ukampelekea fundi cherehani akaikata na kutia utepe wa satini. "Nadhani pale ulijaribu kumalizia wewe, dada," ndivyo ulivyoandika, na pembeni ukachora kauso kanakocheka.

Ningeweza kunyamaza. Nimenyamaza miaka mitatu na nilikuwa nimeshazoea. Kale kauso ndiko kalikonifanya nitafute kalamu. Umetaka habari za blanketi, basi hizi hapa, na daftari lako liwe karibu.

Mama alilianza mwaka ule sukari ilipoanza kumla macho. Wewe hata kuolewa ulikuwa hujaolewa, lakini kwake lilikuwa blanketi la mtoto wa Kiduchu. La mtoto wangu hakulianza, maana kila mtu alishanikatia tamaa, na yeye alikuwa wa kwanza. Nilimkatia vipande, nikamtungia sindano, nikamshika mkono kwenda chooni na kurudi, na yeye kutwa ananisimulia habari zako. Kiduchu anapenda njano. Kiduchu hapendi maua makubwa. Kiduchu ana mikono mizuri, angekuwepo tungekuwa tumeshamaliza. Zipo siku nilitamani kukuchoma kwa sindano ileile. Nilikuchukia, mdogo wangu, na kila mwezi nilikuandikia barua ya upendo.

Macho yalipokwisha kabisa aliendelea kwa kupapasa. Unaijua mishono yake ya zamani, midogo, imelingana hata ungedhani ni ya mashine. Sasa ikawa inapanda na kushuka, mmoja mrefu, mmoja mfupi, mwingine umeruka kitambaa kabisa. Mara mbili nilimkuta ameshona blanketi pamoja na gauni alilovaa, na alipotaka kusimama ikabidi nimfumue kwanza. Alicheka. Mimi sikucheka.

Mimi ni fundi. Siwezi kuvumilia kazi mbovu itoke ndani ya nyumba yangu. Basi kila siku akisinzia baada ya chakula cha mchana, nilichukua wembe nikafumua alichokishona asubuhi, nikakishona upya vizuri. Akiamka, anaendelea mbele. Nilijiambia kwamba namsaidia, na kwa nusu ilikuwa kweli. Nusu nyingine ni kwamba nilifurahia. Blanketi lako lilikuwa linageuka kuwa langu, kipande baada ya kipande, na hakuna aliyejua. Nilifanya hivyo miezi mitano, nikarudi hata kwenye vile vya mwanzo alivyovishona akiwa bado anaona. Lile blanketi lina vipande sitini na vinne, nami nilifumua sitini na vitatu.

Sasa kuhusu vifundo vyako. Umesahau kabisa alivyotufundisha, mimi na wewe, kwenye lile kochi la kijani? Mama hakuwahi kufunga fundo kwenye kitu cha mtoto mchanga. Alikuwa anarudisha uzi nyuma hatua tatu, anaupenyeza katikati ya pamba, kisha anakata. Ngozi ya mtoto haigusi fundo, ndivyo alivyosema, na ukifunga anakugonga vidole kwa kastabini aliyovaa kidoleni. Wewe uligongwa kuliko mimi na ulilia kuliko mimi. Mimi siku hizi nafunga, kwa sababu wateja hawana subira na ngozi za watoto wao hazinihusu. Kila kifundo unachokipapasa na kukililia nimekifunga mimi. Vidole unavyovihisi ni hivi vinavyokuandikia. Geuza blanketi uhakikishe mwenyewe, halafu uangalie na mgongo wa mtoto kama haujaota vipele.

Mama naye alinigundua kwa njia hiyohiyo. Siku moja alilala kidogo kuliko kawaida, akaamka, akavuta blanketi magotini na kupitisha kidole gumba upande wa bitana. Nilikuwa pale pale mbele yake na wembe mkononi.

"Nani kafunga haya?"

"Ni mimi, mama. Ilikuwa imepinda kidogo, nikainyoosha."

"Umenyoosha vipande vingapi?"

Akahesabu mwenyewe kwa kidole, safu hadi safu, na ilimchukua muda mrefu. Alipofika mwisho alilikunja blanketi akaliweka pembeni.

"Basi mimi sijashona kitu," akasema.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alilia bila sauti, uso umeelekea dirishani ambako hakuona chochote, na mimi nikaenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Kesho yake aliniambia nimpe kipande cha mwisho, cha pembeni, kile cha kijani, na akaniapisha nisikiguse hata kingetoka vipi. Nikaapa. Kisha akanituma kwenye sanduku lake, chini ya shuka, nitoe bahasha. Ndani kulikuwa na kadi yako ya kliniki. Nyuma ya kadi kulikuwa na mchoro wa penseli wa mguu mmoja, mguu wa kulia, mdogo kuliko kidole changu cha shahada.

Ulizaliwa kabla ya siku zako, hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba ulizaliwa Jumatatu na hakuna aliyedhani utafika Ijumaa. Mkunga aliuchora mguu wako siku ileile, ili mama asibaki mikono mitupu. Hilo jina la Kiduchu lilitoka kwa mkunga huyohuyo. Mama aliuficha ule mchoro miaka yote, kwa sababu hakutaka ujue kwamba kuna siku alikuwa amejiandaa kukuzika.

Aliniambia nimkatie kadi kwa kufuata mstari wa penseli. Akauweka huo mguu wa karatasi juu ya kitambaa cha kijani, akashona kuuzunguka huku anapapasa ukingo kwa kucha. Sindano ilimchoma mpaka kitambaa kikapata madoa, yale uliyodhani ni kutu. Alikaa na kiganja kile kimoja cha kitambaa siku kumi na moja. Alipomaliza aliichana karatasi na kuichomoa vipande vipande kutoka chini ya uzi, kwa hiyo mchoro wenyewe haupo tena. Alisema mtoto wa Kiduchu akizaliwa, mguu wake wa kulia uwekwe juu ya ule wa mama yake, ili siku moja aambiwe mama yake alianzia wapi.

Siku ya tisa baada ya hapo akafariki. Wewe ulifika tulipokuwa tumeshamzika siku nne, na sanduku lako la magurudumu, ukakaa siku mbili, ukaondoka na blanketi. Pale mlangoni uliniuliza kama ni kazi ya mama, nami nikasema ndiyo. Kuhusu ile pembe sikusema neno. Nilijiambia utaigusa, utakosa fundo, utajua ni mkono wa nani, na utaniandikia kuuliza mchoro ule ni wa nini. Si ulifundishwa na yeye yule, kwenye kochi lile? Niliingoja hiyo barua miaka mitatu.

Kwa hiyo ule haukuwa mdudu. Ulikuwa unyayo wako, umeshonwa na kipofu aliyebakiwa na siku ishirini, na katika blanketi zima ndipo pekee palipokuwa na mkono wa mama. Mimi nilifumua sitini na vitatu na hilo nitalibeba mwenyewe, sikuombi unisaidie. Hicho kimoja alichokiokoa kwangu umekikata wewe, na ukalipendezesha jeraha kwa satini.

Daftari la mtoto usilibadilishe. Kichwa cha habari kibaki kilivyo, na picha ya blanketi ibandike hapo chini. Akikua atasoma "Kazi ya Mikono ya Bibi", atapapasa vifundo, na wewe utakuwa umekaa pembeni unamtazama.

Nina ombi moja. Nenda kwa huyo fundi kesho. Sisi mafundi hatutupi vitambaa haraka, kwa hiyo mwambie akuonyeshe kapu la mabaki, huwa lipo chini ya meza. Tafuta kipande cha kijani chenye madoa. Ukikipata, usikirudishe kwenye blanketi. Nitumie mimi. Wewe umeshabaki na mishono inayokupendeza, na hakuna kitakachopungua, maana umeshaililia.

Mjomba anakusalimu, kwa maneno machache. Shangazi anauliza kama mtoto anacheua sana, na anasema akishiba umlaze ubavu. Yule mwalimu, ambaye hujawahi kumwona, naye anakupongeza. Mumewe ninamshonea shati jipya, nimeona ndiyo heshima. Msalimie sana shemeji na mwambie masikio si aibu. Mkwe wako umwambie ile kofia ya manjano niliyomfumia mjukuu wake iko njiani, na haina fundo hata moja.

Mungu awalinde wote nyumbani humo, awape usingizi, na mtoto akue miguu ikimpeleka pazuri. Mbusu unyayo wa kulia kwa niaba yangu. Ukitaka kujua ni mkubwa kiasi gani, pima kwa kiganja chako, maana kipimo kingine hamna tena.

Ni mimi nikupendaye hata leo, pamoja na yote hayo,

Dada yako.