Tumbo Nililokatwa, Nikasema ni Mazoezi

Somo yangu Zainabu,

Pokea salamu zangu hukohuko mchangani Olumbi walikokulaza. Mimi Zainabu mwenzio ni mzima, ila ukiniona leo utauliza nusu yangu nyingine nimeiacha wapi. Zamani tukipita sisi wawili pale Palma watu walikuwa wakisogea pembeni kama linapita lori. Sasa napita peke yangu, hata kuku hawanyanyuki.

Najua unataka umbea kwanza. Subiri.

Ulipolala ukakataa kuamka niliogopa. Mimi! Mimi niliyevuka Ruvuma na marobota ya vitambaa vya kapulana mara nyingi kuliko bahari inavyokupwa na kujaa, nikaanza kuogopa kitanda changu mwenyewe. Daktari alituonya sote: unene huu, sukari hii, na kule kukoroma halafu unanyamaza kama umezimwa. Tukaahidiana kwenda Dar pamoja tukapunguzwe tumbo. Wewe ukasema, "Tuvuke Idi kwanza, Somo, nani atapika?" Idi ikavuka. Wewe hukuvuka.

Basi nikaenda peke yangu. Watu nikawaaga kwamba nafuata mzigo.

Sasa nikueleze, maana tulikuwa wajinga sawasawa. Tulidhani unaingia asubuhi mnene, jioni unatoka mwembamba, kama gauni linalopelekwa kwa fundi. Thubutu! Kwanza walinizungusha kwenye vipimo mpaka nikazoeana na wafagizi: damu, moyo, sukari, na mpira wenye kamera ukapitishwa kooni nikaona ukoo wangu wote uliotangulia. Kulikuwa na mama mmoja kazi yake kuuliza tu. "Unakula ukiwa na njaa, au ukiwa na huzuni?" Nikamwambia, bibiye, kwetu chakula kikiwepo unakula, kesho hujui utakuwa unakimbilia wapi. Akaandika sana. Halafu wiki mbili za supu na vitu vya majimaji, eti ini lisinyae wapate pa kupita. Siku ya tatu nilimuota pweza wa nazi ananiita kwa jina la baba yangu.

Hawakunipasua kama papa, Somo, tulivyokuwa tukiogopa. Walitoboa matundu matano madogo, wakakata sehemu kubwa ya mfuko wa tumbo, wakaniachia kifuko chembamba kama ndizi. Nilipozinduka bega ndilo lililoniuma kuliko tumbo, kumbe ni hewa waliyonijaza, inatafuta njia. Siku hiyohiyo muuguzi, katoto ka juzi, akaniinua: "Mama, tembea, damu isigande." Nilimtukana kwa Kimwani chetu kizima asielewe. Nikatembea.

Na baada ya hapo? Maji kwa kijiko cha chai. Mimi, niliyekuwa namaliza madafu mawili nimesimama! Wiki za supu, wiki za vilivyosagwa, kisha samaki wa kupondwa na yai. Samaki kwanza, wali mwisho, na ukifika huo mwisho wali umeshakuwa wa jirani. Ukila hunywi, ukinywa huli. Vidonge vya vitamini kila siku hadi siku ya kufa. Mwezi wa nne nywele zikaanza kuja na kitana, ngozi ya mikono ikawa inapepea. Nikajitia ushujaa nikala kipande cha halua: jasho la baridi, moyo unakimbia, nikajilaza sakafuni jikoni nikatoa shahada. Halua, Somo! Niliyoipenda kuliko mume.

Haya, umbea.

Walewale waliotucheka tukiwa wanene wakaanza kunizika nikiwa mwembamba. Mmoja akasema nimeukwaa. Mwingine akasema mume amenichoka, hanilishi. Na wifi yako Mwanahawa, mdomo mrefu akili fupi, akasema pale kisimani, "Amekuwa kama tulivyotoka porini." Hapo alinichoma, maana sote tunajua. Mji ulipovamiwa tulitembea siku nne bila chakula mpaka mtoni, tukatokea ng'ambo mifupa mitupu. Tangu hapo kwetu mnene ndiye aliyesalimika. Hilo nalielewa. Nisichokielewa ni furaha yao. Mtu anafurahi kuona mwenzake anakwisha! Hao ndio watu tunaogawana nao chumvi.

Nami nikaona hawa siwezi kuwaambia nimekatwa. Nikasema: mazoezi. Kujinyima. Moyo wa chuma, jamani, si kila mtu kaumbwa nao. Asubuhi navaa raba naifuata barabara ya Mute ili nionekane, nikiwapita watu wa mwisho narudi kwa njia ya ndani. Wanawake wakaja kuuliza siri. Nikawapanga chini, Somo, nikafundisha! Mimi niliyeacha skola darasa la nne nikasimama na kijiti mkononi. Na mbele kabisa alikaa mwanao Sauda.

Sauda amechukua mwili wako, na sukari yako imeshaanza kumwandama. Akaniamini. Akameza vidonge vyake vya sukari, akafunga mdomo asile kitu, akaenda kutembea juani. Wenye mashamba wa Mute walimkuta amekaa kando ya barabara anatetemeka, hajui jina lake. Mama mmoja mwenye akili kuliko mimi akamlambisha asali angali anaweza kumeza, wakamsimamishia chapa ya abiria, akaletwa pamoja na watu na mihogo yao.

Nilipofika kitandani kwake alifumbua macho. Unajua alichosema? "Mama mdogo, nisamehe. Mimi sina moyo kama wako."

Nimetukanwa kwa lugha nne, Somo. Hakuna tusi lililonifika mfupani kama hilo.

Walikuwepo wanawake peke yao, Mwanahawa kasimama kama shahidi wa mahakama. Nikapandisha blauzi. Nikawaonyesha matundu moja moja. Nikasema, "Moyo wa chuma sina. Nina hivi. Nilikatwa Dar, na niliwadanganya nyote."

Mwanahawa akapiga makofi: "Ala! Kumbe umeshonwa kama gunia!" Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nawadharau, sikufichi. Ila aliyestahili kutemewa mate chumbani mle ni yule mwalimu mwenye kijiti.

Kisha wifi yako akatoa fatwa: "Mwanetu hakatwi. Tumbo la Mungu halipunguzwi." Nikamuuliza, "Na meno ya Mungu, wifi, mbona umeyaacha Mtwara ukaja na ya duka?" Tangu siku ile akiniona anafunga mdomo, na ni faida kwa mji mzima.

Sauda akanishika mkono akauliza yote. Inauma? Inauma. Nywele? Zitatoka, zangu zimeanza kurudi, fupi kama za mtoto. Nitazaa? Utazaa, ila daktari atakutaka usubiri mwaka au zaidi. Na kama sihitaji kisu? Basi daktari ndiye atakayesema, si Mwanahawa, wala si mimi. Nikamwambia na lile ambalo sijamwambia mtu: kwamba nakaa kwenye sinia na wenzangu, mkono wangu unamaliza kabla hadithi haijanoga, natazama vidole vya watu, natamani kulia. Halafu nalala, naamka. Magoti hayalii. Sukari imeshuka. Nikikumbuka hivyo, machozi yanarudi yalikotoka.

 Sauda akasema, "Nipeleke wanipime."

Jumatatu tunavuka, Somo. Nakuahidi sitamsukuma. Wakisema bado, tutarudi naye na vidonge vyake, nami nitajifunza kumpikia inavyotakiwa. Wakisema ndiyo, naye akaogopa mlangoni, tutageuza, twende siku nyingine. Majigambo yangu nitayatumia kwa wauguzi tu, wamtazame vizuri. Wewe ulisubiri watu wamalize kula ndipo ujiangalie, na hatukukuzuia, hata mimi sikukuzuia. Nisamehe hilo.

Lala salama, mwenzangu. Wakimwingiza mwanao ndani, mimi nitakuwa kwenye benchi la nje. Akizinduka, uso wa kwanza atakaouona utakuwa huu wangu mbaya.

Somo yako,
Zainabu