Lango la Zainabu na Diodi Yangu

Jumamosi, Garsen. Jua limewaka tangu saa mbili, upepo hakuna, na mimi roho imechafuka.

Wacha niseme tu: nina wivu. Na wivu wenyewe ni wa lango la mbuzi.

Katika ukoo wetu fundi ni mimi. Natengeneza simu hapa sokoni. Kwa muda nimehangaika nikitaka kumtengenezea Mama kufuli ya umeme ya zizi lake kule Kilelengwani, afungue kwa rimoti bila kuinama, maana mgongo unamsumbua. Nilizungushia bolti waya wa shaba niliotoa kwenye feni iliyoungua. Sumaku ikapatikana, lakini ya kushika kitu kinachoigusa tu. Ukiacha nafasi ya upana wa kidole, haivuti hata msumari. Nikaongeza umeme, koili ikapata moto mpaka ikaniunguza kidole gumba. Transista nazo, zile swichi ndogo za kuwasha na kuzima koili, niliua tatu kabla ya kujua kosa langu.

Halafu Zainabu, binti wa mama mdogo, akaagiza kufuli iliyo tayari kutoka Mombasa, ya volti kumi na mbili, yenye koili ya kuvuta komeo na springi ya kulirudisha. Akaifunga kwenye lango la zizi la Mama, akaiunganisha na betri ya sola. Wiki moja tu, kazi imekwisha! Mama anaishi nao boma moja, na siku hizi hanipigii simu bila kuniuliza, "Umeona mwenzio?"

Leo nimeenda kumwona mwenzangu.

Zainabu akabonyeza rimoti, komeo likaruka, lango wazi. Mama akacheka mpaka akashika kiuno. Nikajikaza kisabuni, nikasema mashallah. Kisha nikaomba kufungua kile kiboksi cha nyaya, eti nijifunze.

Hakukuwa na diodi.

Mambo ni hivi: ukikata umeme wa koili, koili hupiga teke la umeme kurudi nyuma. Bila diodi ya kulimeza, teke linaipata transista. Itavumilia siku kadhaa, kisha itaungua, na ikiungua mara nyingi huacha umeme upite tu. Komeo litabaki limevutwa, na mbuzi wa Mama watajipeleka kwenye mahindi ya jirani. Huku kwetu mifugo kuingia shamba la mtu si mchezo. Watu wameacha kusalimiana kwa jambo hilo.

Nilijua vizuri, maana ndicho kilichoniulia zangu tatu. Diodi zimejaa mkebe mzima dukani kwangu.

Nikafunga kiboksi. Nikanywa chai. Nikaaga.

Njia nzima, juu ya pikipiki, nilikuwa na furaha. Mungu anisamehe, niliwaona kabisa wale mbuzi kwenye mahindi, na Zainabu akiwakimbiza, rimoti mkononi. Nilipofika dukani ndipo akilini nikamwona na Mama, na mgongo wake huo, akiwakimbiza pia. Furaha ikakatika.

Bodaboda aliyenileta alikuwa anarudi kulekule, nikampa diodi mbili, moja ya akiba. Nikampigia Zainabu, nikamweleza aunganishe moja kwenye ncha mbili za koili, ule mstari mweupe uelekee chanya. Akaniuliza:

"Dada, kumbe uliliona kosa ukiwa hapa hapa?"

Nikasema mtandao unakatika.

Jioni hii Mama kapiga, sauti imejaa raha. "Zainabu amelitia lango lake kidude cha kuzuia lisiharibike. Yule mtoto ana akili, wallahi! Umeona mwenzio?"

Nusura niseme. Diodi ni yangu, Mama! Lakini ningesema hivyo, angeniuliza mbona nilikaa kwake, nikanywa chai yake, nikanyamaza.

"Nimeona, Mama," nikasema.