Nzou Imezama kwa Mchanga na Mimi Siendi

Baba Mumo,

Haya, nimerudi kwa barua yako. Ilikuwa ni yule mama wa mayai, na unamjua, akishika mlango haachilii mpaka akwambie nani amegombana na nani, na mimi pia siwezi mfukuza kabla nisikie. Tulikuwa tumefika wapi? Eh. Kwa ndugu yako.

Nzou imezama. Hiyo ndio habari. Ile Landrova yako ya kijivu ulinunua kwa mzungu wa katani akirudi kwao, ile soko yote ya Mbumbuni iliita Nzou kwa sababu ilikuwa na matako ya ndovu na sauti ya ndovu, iko katikati ya mto tangu jana jioni. Pua chini, matako juu. Kimeu ndugu yako ndio alikuwa anaendesha. Leo asubuhi amenitumia mtu, nikamrudisha. Ametuma mwingine, ati shemeji kuja utembee mbele tuitoe. Na mawingu iko huko juu kwa milima ya Mbooni, nyeusi kama sufuria ya harusi. Wewe unajua vile mto wetu uko. Mvua ikinyesha huko milimani, maji inakuja huku chini hata kama kwetu ni jua kali. Mto ukikuja, Nzou imeenda.

Na mimi nimewaambia siendi. Nimekaa kwa meza na kalamu. Nilisoma mpaka darasa la tatu tu, na wewe ulikuwa unasema herufi zangu ni kama kuku imekanyaga wino, lakini leo utasoma. Hii barua siiweki kwa bahasha. Nikimaliza nampea Ndunge, jirani wetu wa mabati nyekundu, aisome kwa kikundi cha wamama, na asome kwa sauti. Kuna maneno hapa nimemeza miaka mingi na nataka watu wasikie.

Nimekukasirikia, Baba Mumo. Nilingoja wageni wa matanga yako waende, nikangoja machozi iishe, na vile iliisha nikakuta hasira imekaa hapo chini, imetulia, inaningojea.

Wacha nianze na Jumamosi zetu. Siku zingine zote wewe ulikuwa mtu wa posho mill, mweupe kama umepakwa chokaa. Jumamosi saa sita unafunga kinu, unaosha unga kwa nyusi, unapakia jerikani ya maji, jembe, panga, mbao mbili, sufuria, halafu mimi. Watu wanasimama kwa barabara.

"Baba Mumo, mnaenda wapi?"

"Kutembea."

"Kumtembelea nani?"

"Hakuna mtu. Kutembea tu."

Wee! Hiyo ilisumbua watu! Mtu mzima achome petroli aende kuangalia kilima? Bibi ya pasta, yule poda yake ilikuwa inaishia kwa shingo, aliniuliza kama tunaenda kuabudu mawe. Nikamwambia tunaenda kukaa mahali hakuna mtu wa kutuuliza maswali. Hakuniongelesha mpaka Pasaka, na mimi nikapumzika kabisa.

Na ilikuwa tamu, sitadanganya. Vile ulikuwa unaacha barabara ghafla tu, unaingia kwa vichaka, matawi inagonga mlango, mimi napiga nduru na kucheka pamoja. Tukapanda mawe mpaka naona mbingu kwa kioo ya mbele na hakuna kitu ingine. Mara ile tulipasua sufuria ya chai huko juu ukachemsha maji kwa kofia ya chuma ya gurudumu, na chai ikawa na ladha ya grisi, na ukasema hiyo ndio chai ya wanaume. Nikakunywa yote, nikakuuliza, sasa nimekuwa mwanaume ama bado?

Lakini mto. Tuongee ya mto.

Ukifika kwa mto ulikuwa unazima injini. Unatoa upepo kwa tairi, unabonyeza na kidole, mpaka tairi ikae kama tumbo ya mtu ameshiba. Halafu unaniangalia. Mimi navua viatu, nafunga leso vizuri, naingia kwa mchanga. Natembea mbele na wewe unanifuata pole pole, tairi ya kulia juu ya nyayo zangu. Ni mguu ndio unajua mchanga, si macho. Ule wa baridi baridi unaokaza, unapita. Ule moto unaoteleza kwa vidole, unazunguka. Ule unatetemeka kama uji, hapo unarudi nyuma haraka na unapiga kelele.

Na visima vya wamama. Huko kwetu mama anachimba mchanga mpaka apate maji, anaweka miiba kando ng'ombe isiingie, na akihama anaacha shimo, upepo unaleta mchanga laini juu yake, hauoni kitu. Hapo ndio gari inakufa. Mimi nilikuwa najua kila shimo kwa sababu nilikuwa naongea na wenyewe. Wewe umekaa kwa kiti, mimi nimesimama na wamama, nasikia nani amezaa na nani amerudi kwao, unapiga honi, nakwambia ngoja! Na kabla hatujavuka ulikuwa unashuka na jembe, unawachimbia kidogo, unawatolea ile mchanga imeanguka ndani. Gari haipiti juu ya maji ya watu bure. Hiyo haikuwa imeandikwa mahali, lakini tulikuwa tunafanya kila mto, Thwake, Tiva, yote, na ndio maana walikuwa wanatupea njia na ndizi.

Sasa siku ya kukuzika pasta akasimama akasema, "Marehemu alikuwa dereva wa ajabu, maisha yake yote hakuzama kwa mchanga hata siku moja." Watu wakatingisha vichwa. Kweli, kweli. Mimi nilikuwa nimekaa hapo mbele na viatu nyeusi za kuazima zinanifinya, nikaangalia miguu yangu. Hakuna mtu aliitaja. Hakuzama! Angezama aje na mimi niko mbele?

Hiyo ningemeza. Nimemeza kubwa kuliko hiyo. Lakini Tiva siwezi.

Unakumbuka Tiva? Tulikuwa tunatoka Nuu kuona shangazi yako, yule alikuwa anakupenda wewe na kuniangalia mimi kama deni. Jumapili mchana, wakati watu wote wako kanisani. Mto uko mtupu, mchanga mpana kama uwanja wa mpira, hakuna mtu, hakuna mbuzi. Nikavua viatu kama kawaida. Ukaniita.

"Kuja hapa."

"Wapi?"

"Hapa kwa sukani."

Nilifikiri jua imekuingia. Ukashuka, ukanisukuma ndani, ukazunguka ukakaa mahali pangu. Ukanionyesha klachi, ukanionyesha ile gia ndogo ya kichwa nyekundu, ya kuvukia mchanga. Nikashika sukani na nguvu zangu zote.

"Usiishike kama jogoo inataka kutoroka," ukasema. "Iache icheze. Mchanga utakwambia."

Na ukaniambia! Ule mchanga uliniambia, Baba Mumo! Nilikuwa nausikia kwa matako vile nilikuwa nausikia kwa miguu. Pale unalegea, napeleka kando. Pale unakaza, naongeza moto. Nilivuka Tiva. Nikageuza, nikavuka tena. Wewe ulikuwa umeshika mlango na mikono mbili na unacheka mpaka kofia ikaanguka nje, na nikakataa kusimama tuichukue. Sijawahi furahi hivyo, hata harusi. Nilishuka, nikafikiri, sasa nikifika Mbumbuni nitawaambia wote!

Halafu ukazima kucheka. Ukasema, "Hii usiambie mtu. Watasema nimekaliwa na bibi."

Na mimi nikanyamaza. Mimi! Mtu akikohoa usiku, mimi asubuhi nimeshapeleka habari sokoni. Yule mwalimu alitorokwa na bibi, mimi nilijua kabla yeye ajue. Lakini hiyo ya Tiva niliweka hapa kwa kifua, sikumwambia Ndunge, sikumwambia hata Mumo mtoto wetu. Kila mara wamama wakiongea juu ya Nzou, hiyo neno inapanda mpaka kwa meno, naimeza. Unajua ni kazi gani hiyo kwa mtu kama mimi? Ni kama kufunga mbuzi kwa nyuzi ya kushona.

Na wewe ukanilipa namna gani? Tukaenda Mtito Andei kumwona Kimeu, wakati ule alikuwa anaendesha lori ya Mombasa. Tumekaa kwa hoteli, nyama iko kwa meza, madereva wenzake wamejaa hapo. Kimeu ametoka kupapasa bonet ya Nzou kama mtu anapapasa ng'ombe ya mahari. Akasema, "Kaka, hii ukichoka nayo unikumbuke." Na wewe, kinywa kimejaa, ukasema, "Nikienda ichukue. Huyu ataipeleka wapi? Yeye anajua kuvua viatu tu."

Wakacheka, meza yote. Hata mimi nilicheka, nifanye nini? Lakini ile nyama ilikataa kushuka, na mpaka leo haijashuka.

Ulikuwa unafanya mzaha, najua. Lakini Kimeu hakusikia mzaha. Siku ya pili baada ya kukuzika alisimama mbele ya wazee wa ukoo akasema kaka aliniachia gari kwa mdomo wake, na mashahidi wako, hata shemeji alikuwa hapo anacheka. Wazee wakaniangalia. "Mama Mumo, ni kweli alisema?" Ningesema nini? Ni kweli ulisema. Wakasema basi, neno la marehemu halirudi, na kwani mwanamke angefanya nini na gari? Na mimi nilikuwa na jibu hapa, hapa kabisa kwa ulimi. Nikakumbuka uliniambia nisiambie mtu. Nikanyamaza tena. Wewe uko chini ya mchanga na bado nakulindia jina! Hapo ndio nimekasirika, angalia vile hii mstari imepinda.

Kimeu ni mtu wa lami. Sikatai, kwa lami ni mzuri. Jana ameweka marafiki zake nyuma, wanaenda kuonyeshana, amefika kwa mto hakuzima injini, hakutoa upepo, hakusalimia mtu. Wamama walikuwa wanachota maji wakapiga kelele, "Huko usipite! Kuna kisima!" Akafikiri wanamshangilia. Akapunga mkono! Tairi ya mbele imeingia kwa kisima mpaka taa. Maji ya watu wa upande wote ule imekuwa matope na mafuta.

Yule mtu wa pili Kimeu ametuma ameniambia wamama wako hapo tangu alfajiri. Wamekalia majembe yao. Kimeu amewabembeleza, amewatisha, wamekataa kuchimba. Wanasema, "Hiyo gari haitoki mpaka mwenyewe aje." Kimeu akasema, "Mwenyewe ni mimi." Wakamwambia, "Wewe hatukujui. Mwenyewe ni yule alikuwa anatembea mbele."

Nimeandika hiyo na nimelia kidogo. Usifikiri ni kwa sababu yako.

Asubuhi nilikuwa nasema wacha mto uichukue. Ichukue na ile kiti mahali nimekaa miaka yote, ile kona ya mlango nilikuwa nashika, na ile doa ya chai ya grisi. Halafu hakuna mtu atasema ni yake, na mimi nitalala vizuri. Lakini nimekuwa nikiandika hapa, na kila nikiandika jina la Nzou nasikia ile sauti yake ikipanda mawe. Unajua mimi nilikuwa napenda hiyo gari kuliko wewe? Siku zingine. Siku zingine nilikuwa nakupenda wewe. Tiva niliwapenda wote wawili mara moja, na ukaharibu na neno moja.

Sasa nimelitoa. Wamama wa kikundi, mmesikia: niliendesha Nzou mimi mwenyewe, nikavuka Tiva, nikageuza, na yeye alicheka kwa furaha. Baba Mumo, wakisema ulikaliwa, wacha waseme. Huko uliko hawakufikii. Mimi ndio nabaki na wao, na bado nitapika chai yao wakija kusema, kwa sababu nataka kusikia kila kitu watasema, na nani alianza...

Ngoja. Ndunge anaita kwa ua.

"Mama Mumo! Wewe mama! Radi imepiga Mbooni, toka kwa hiyo nyumba! Kimeu amevua kofia anaomba wamama msamaha, ati kuja tu utembee mbele!"

Nimemwambia kupitia dirisha akimbie mbele yangu, amwambie Kimeu kofia haitoshi. Avue viatu. Akunje suruali, achukue jembe achimbie wale wamama kisima kipya kwanza, halafu aingie kwa mchanga atafute njia na miguu yake. Yeye ndio atatembea mbele. Ile gia ya kichwa nyekundu asiiguse, namjua.

Ndunge ameuliza, "Na nani atakaa kwa sukani?"

Lala salama, mzee wangu. Bado nimekasirika. Naenda.

Bibi yako, Mama Mumo,
dereva