Beseni Lililofunikwa

Gisenyi, Juni 1998

Yaya Liliane, dada yangu wa Bukavu,

Huku tupo tu. Samaki wetu wadogo, sambaza, wamerudi ziwani, na jirani yetu Umuhire amezaa mapacha.

Bon, shauri lako nalifuata. Kila asubuhi naoga, natandika kitanda, najitwika beseni hadi mpakani, Petite Barrière, pamoja na wauzaji samaki wenzangu. Wanasema nimeanza kusahau kifo cha mume wangu.

Hapa mama usimsomee. Jana mteja alifunua kitambaa kabla sijamzuia. Beseni lilikuwa tupu, yaya. Tangu Pasaka nalibeba tupu. Alinitazama, akalifunika polepole, akasema kwa sauti wote wasikie: "Samaki wako wazuri, mama. Nitarudi."

Leo nimeshindwa kulinyanyua.

Mdogo wako,
Donatha