Dawa Haikushindwa, Wifi

Kikwajuni,
Unguja.
10 Septemba 1970.

Mpendwa wifi yangu Bi Mwanakheir,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Mombasa, na miguu imepungua kuvimba. Sisi huku tunamshukuru Mungu kwa anachotupa. Binti yetu Tabia hajambo, keshazoea kwa wakwe zake Mtoni, na yale mashuka uliyomtunza keshayatandika.

Wifi, umeniuliza mara mbili: mbona uvimbe wa shingoni mwa ndugu yako Mkadam umerudi, ama zile sindano za Dar es Salaam si dawa? Mara zote mbili nilikujibu habari za harusi. Leo nakujibu ulichouliza.

Sindano ni dawa. Alichomwa Machi na Aprili, akatapika, nywele zikamtoka na ndevu zote, kidevu kikawa kama cha mtoto. Lakini matezi yalinywea, jasho la usiku likakoma, akala mihogo kwa pweza mpaka nikamcheka. Kisha daktari akatuletea barua: zamu ni sita, ya tatu ni Mei, asiikose hata akijiona mzima.

Unajua mume wangu anasoma herufi za Kiarabu tu. Barua ile niliisoma mimi. Harusi ya Tabia ilikuwa Julai, na baba mtu ndiye walii wa kumwoza. Niliona haya, wifi. Niliwaza watu wa Mtoni watamtazama hana hata nyusi, waseme wanaoa kwenye maradhi. Nikamwambia, "Daktari kasema upumzike mpaka harusi ipite."

Akaniuliza, "Kasema hivyo kweli?"

"Kasema, mume wangu."

Ndevu zikaota. Ulimwona kwenye picha niliyokuletea, na joho lake, hana dalili yoyote. Siku ile nilitamba, Mungu anisamehe. Mwezi haukwisha matezi yakarudi, na sasa yameshuka mpaka kwapani. Nguo zinampwaya. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami nimeyaficha maradhi yasiyo yangu.

Jumatatu tunapanda meli kwenda Dar es Salaam. Daktari atauliza kwa nini hakuja, na sijui kama sindano zitamsaidia tena kama mwanzo. Nataka mume wangu asikie kwangu kabla ya huko, lakini kila nikifungua mdomo naishia kumuuliza kama atakunywa uji. Usiilaumu dawa, wala usimlaumu daktari. Nilaumu mimi, na uniombee nipate ulimi kabla ya Jumatatu.

Nisalimie shemegi Msabah, Mwatima na watoto wote. Mungu akuhifadhini na akupeni umri wenye afya.

Ndugu yako anakusalimu sana. Hivi sasa yuko kwenye mswala. Kila akimaliza kusali humwombea dua yule daktari, kwa kumpa ruhusa ya kumwoza bintiye akiwa na sura yake. Nami, wifi, huitikia amin.

Wako akupendaye, japo amekukosea,
Mwanamwema