Kati Isiyo na Refa

Kakuma, 2 Februari 2013

Baba mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, ila vumbi limenikaa kifuani. Mguu wako je?

Darasa la tano ninalofundisha hupigana kila mapumziko. Kwa hiyo Ijumaa tunacheza kati: wawili wanarusha mpira wa makaratasi, wengine wanaukwepa katikati, ukiguswa unatoka. Refa hakuna. Aliyeguswa ajitaje mwenyewe. Jana walirushiana ngumi, na mwalimu mkuu ameapa: wakipigana mbele ya wazazi siku ya kufunga shule, mchezo basi.

Binti yako,
Sally

Lodwar, 10 Februari 2013

Mwanangu Sally,

Ejok, hujambo? Mguu unauma, mdomo mzima.

Ajitaje mwenyewe! Mwanangu, hapo umempa fisi bucha. Weka refa, mpe filimbi. Nimetunza stoo ya vitabu vya shule miaka kumi na tisa, na binadamu nawajua: bila kufuli, hakuna mwaminifu.

Baba yako,
Wandera

Kakuma, 13 Aprili 2013

Baba mpendwa,

Hujambo? Mimi nina furaha hata kifua nimekisahau.

Refa sikuweka. Ningemweka, mwaminifu angekuwa yeye, si wao. Jana tulifunga shule, wazazi wamejaa. Upande wa Nyanut, mwanafunzi wangu wa miaka kumi na moja, alibaki yeye tu, bado akwepe mrusho mmoja washinde. Mpira ukapita. Nyanut akasimama: "Mwalimu, mpira umenigusa sketi."

Atem wa timu yake akapiga kelele, "Nyamaza! Hakuna mtu ameona!"

"Mimi nimeona," akasema, akatoka.

Wakashindwa. Nilingoja ngumi, Baba. Atem alilia tu, kisha walewale walioshinda wakampigia Nyanut makofi. Mwalimu mkuu amenipa na darasa la sita nilichezeshe kati.

Binti yako,
Sally

Lodwar, 20 Mei 2013

Mwanangu Sally,

U mzima? Nisamehe kwa kukaa kimya wiki tano. Sikukasirika. Niliona haya.

Mwaka jana mvua iliharibu katoni sita za vitabu. Dirisha la stoo nililiacha wazi mimi. Nikanyamaza, na Losike, mlinzi wetu, akafutwa kazi. Barua yako nimeisoma mpaka imechanika. Mtoto wa miaka kumi na moja amenizidi utu, na wewe uliyemfundisha umenizidi akili. Najivunia kukuzaa.

Leo asubuhi nimemweleza mkubwa wangu yote. Ameniambia ningoje barua. Kazi ikienda, iende.

Losike sasa anachunga mbuzi wa shemeji yake huko kijijini Namoruputh. Kesho nakwenda kumwambia uso kwa uso, na hapo ndipo naogopa.

Baba yako,
Wandera