Kemi Ndani ya Msonge

Jumatano, 11 Juni

Uji, kufua, kuanika kahawa. Kemi kaukataa uji wangu tena. Kaunywa uleule alipopewa na bibi yake. Hajafika miaka mitatu na tayari anajua mimi si mama yake. Mama yake alifariki akimzaa. Mimi nimeolewa na Deo, baba yake, Pasaka hii. Mtoto ananitazama kama mgeni asiyetaka kuondoka.

Ijumaa, 13 Juni

Deo kapiga simu, yuko safarini na lori. Anataka kesho nimpeleke Kemi makumbusho, Bukoba. Tuzoeane. Mama mkwe hakupenda.

"Mtoto wa marehemu si wa kutembezwa ovyo," kasema, kisha akarudi kwenye ndizi zake.

Nimekasirika. Nitaenda.

Jumamosi, 14 Juni



Tulifika salama. Alikubali nimshike mkono. Ngoma alizipenda. Kisha picha ya chui, kubwa kuliko mlango. Akapiga kelele, akanichoropoka, kiatu kikabaki. Niliinama kukiokota. Nilipoinuka, hayupo.

Chumba cha pili, hayupo. Uani, hayupo. Nje kuna barabara, na ziwa haliko mbali. Niliita mpaka sauti ikakauka. Dada wa mapokezi alikimbia kufunga geti, akaniuliza, "Wewe ndiye mama yake?"

Nikamwonyesha kiatu.

Hakuna atakayesoma hapa, basi niandike ukweli. Kwanza nilimwogopa mama mkwe. Ndipo nikamwogopea mtoto. Najichukia.

Tulimpata ndani ya msonge, ile nyumba ya nyasi waliyoijenga uani kwa maonyesho. Kajibana nyuma ya kitanda cha miti, kimya, kajikojolea. Dada alimwonyesha biskuti. Wapi. Nikamwita mimi. Ndiyo kwanza akajikunyata. Nikalala chini kwenye nyasi kavu, nikanyamaza. Sikuwa na ujanja mwingine. Watu wakaingia, wakatutazama, wakatoka. Baadaye sana mkono mdogo ukanishika sikio.

Jumapili, 15 Juni

Usingizi haukuja. Baada ya ibada nimemweleza mama mkwe yote. Hata barabara, hata ziwa. Alikuwa anamenya ndizi. Kisu kikasimama.

"Ungeweza kunificha."

"Ndiyo, mama."

"Mtoto asingesema."

"Asingesema."

Akaendelea kumenya. Basi. Heri angenitukana. Atampigia Deo, najua. Nimeweka nguo zangu chache kwenye begi, nikazitoa, nikazirudisha.

Jumatatu, 16 Juni

Deo kapiga. Kaongea na mama yake nje, kwenye migomba, Kihaya cha chini chini. Sikusikia kitu. Kisha simu ikaletwa kwangu. Deo kauliza kama Kemi alifurahia ngoma. Hilo tu. Nikasema alifurahia. Nilipomrudishia mama mkwe simu, hakunitazama.

Jumanne, 17 Juni

Mama mkwe kaenda msibani Ngenge, atalala huko. Alijifunga kitenge, akafika mlangoni, akageuka. "Bojo, nakuachia mtoto huyo." Bojo, kwa Kihaya, ni neno la kumwita mtu wako. Hajawahi kuniita hivyo.

Kemi kalia kidogo, kaacha. Kala ndizi, nyingine kamwaga. Hewa imetulia, kahawa inanukia uani. Sasa kalala juu ya mguu wangu. Umekufa ganzi kabisa. Sijausogeza.